Aliyesema Hataki Ni Nani?

Nyumbani kwa Shangazi, 6 Machi

Dada Wakili,

Shikamoo. Natumaini wewe na wale watoto wako wa kwenye picha ya mezani ni wazima.

Naandika kwa mkono kwa sababu simu yangu bado iko polisi kama kielelezo, na ya Shangazi haitoki mfukoni mwa gauni lake hata akiwa jikoni. Univumilie mwandiko. Mimi ni mtu wa kukanda magoti na migongo ya wagonjwa, kalamu naishika kwa nadra.

Nina swali moja. Nimekosa nini?

Jumapili Kaka alikuja. Hakukaa. Alisimama mlangoni akizungusha funguo kidoleni, akasema, "Kitinda, serikali imeiacha kesi. Wakili wako kasoma faili upya, kaona haisimami."

"Wakili gani?" nikamuuliza.

"Yule mama wa miwani. Mkuu wao mwenyewe kaniambia." Akanywa maji, akaondoka.

Dada, si wewe uliyeniambia ofisini kwako kwamba kesi ya ubakaji ikishafunguliwa huwa ni ya serikali, na kwamba wewe ukiianza huiachi? Nilikuamini mpaka nikalala usingizi, mara ya kwanza tangu yaliyonipata kwenye nyumba ya Mwenye Magodoro, nilikoitwa kumtibu mama yake goti. Sasa nalala chini, kwenye mkeka. Shangazi anadhani naumwa mgongo. Ukweli ni kwamba godoro lake lina nembo ya kiwanda cha yule bwana, kama magodoro ya nusu ya mji.

Kama ni mimi niliyeharibu, niambie. Nilijibu vibaya? Nililia kidogo mno? Yule afande aliyeandika maelezo yangu aliniambia silii kama wenzangu.

Mimi,
Kitinda


Ofisi ya Mashtaka, 12 Machi

Mdogo wangu Kitinda,

Marahaba. Barua yako nimeisomea kwenye korido nimesimama, kisha nikaingia ndani nikafunga mlango nikaisoma tena, nikidhani nimeruka mstari.

Mimi sijaacha kitu. Wewe ndiye niliyeambiwa umeacha.

Mwezi uliopita Mkuu wetu aliniita. Alinimiminia chai mwenyewe, jambo ambalo hulifanya akiwa na habari mbaya. "Yule binti amekata tamaa," akasema. "Familia imeomba yaishe. Tusimburute." Asubuhi hiyohiyo nilikuwa nimemwona kaka yako akitoka kwenye chumba hichohicho. Nilimsalimia, akaitikia akiangalia viatu vyake. Nikajumlisha mawili hayo nikapata jibu. Nilikasirika, sikufichi. Nikasema moyoni, kumbe na huyu naye kama wale wengine walioacha njiani. Nikaliweka faili pembeni.

Nijibu wazi: umewahi kumwambia mtu yeyote kwamba hutaki kutoa ushahidi?

Na nisikilize vizuri. Usiniandikie lolote kuhusu tukio lenyewe. Ulicho nacho kitoke kinywani mwako mbele ya hakimu. Karatasi yoyote ya kesi hii inayonifikia, wakili wa yule bwana ana haki ya kuiona. Niandikie habari za afya yako, za Shangazi, gombana nami ukitaka.

Na hukulia kidogo mno. Kulia hakuna kipimo.

Dada yako,
Wakili


Nyumbani kwa Shangazi, 18 Machi

Dada,

Sijawahi. Naapa.

Nimeandika hivyo halafu nikakaa najichunguza, maana kuna kitu nilisema. Kaka aliponiuliza naendeleaje, nilimwambia, "Nimechoka." Hilo tu. Nilikuwa nimetoka kuulizwa tena na afande siku ile nilivaa nini. Je, nimechoka ni sawasawa na nimeacha? Inawezekana Kaka alilibeba neno langu likageuka njiani?

Namtetea na kumlaumu kwa pumzi moja. Huyu ndiye aliyenisomesha Baba alipofariki. Huyuhuyu ni fundi mitambo kiwandani kwa Mwenye Magodoro, na Shangazi anasema siku hizi amekuwa msimamizi wa zamu. Tangu lini? Shangazi hajui. Labda ni kabla. Labda alistahili, maana Kaka anaijua mashine mbovu kwa kusikiliza mlio tu. Nikimfikiria vibaya na kumbe hana hatia, nitamtazama vipi usoni?

Shangazi naye ameanza kunusa mambo. Jana alinikuta mkekani akasema, "Mgongo gani huu unaouma juu ya godoro tu?" Leo kaligeuza godoro, nembo imekuwa chini, akatoka chumbani anaimba. Sijui nani kamwambia. Wewe?

Kitinda


Ofisi ya Mashtaka, 25 Machi

Mdogo wangu,

Si mimi. Shangazi yako ana macho.

Nilimwendea Mkuu. Nakuandikia maneno yenyewe kwa sababu nimeyarudia kichwani mpaka sijui tena nani alikuwa na haki.

Nikamwambia, "Mzee, yule binti hajakata tamaa."

"Nani kakuambia?"

"Mwenyewe."

Akavua koti, akakaa. "Unamjua wakili wa yule bwana. Atamweka yule mtoto kizimbani kutwa nzima, atamuuliza mpaka rangi ya soksi. Akishuka pale atakuwa nani? Nimezungumza nao. Mshtakiwa atakiri shambulio la kawaida, kosa dogo, atapewa onyo. Asubuhi moja yamekwisha na hakuna atakayemnyooshea kidole. Hii ni huruma, wewe unaiona kitu kingine."

"Na kaka yake kuambiwa kwamba mimi ndiye niliyeiacha kesi?"

"Labda alinielewa vibaya."

"Na mimi pia nilikuelewa vibaya?"

"Watu wanaelewana vibaya kila siku," akasema, akanimiminia chai.

Kitinda, huyu ndiye aliyenifundisha kazi. Nilipojifungua alisimamia kesi zangu zote bila kunung'unika. Na kuna upande wangu uliomkubalia, maana nimewaona wanawake wakishuka kwenye kile kizimba hawajijui hawajitambui. Ila nilipofika mlangoni nikamkumbuka dobi niliyempeleka gerezani Januari, kwa kosa hilihili. Shahidi wangu yule naye alisimama kutwa nzima, naye aliulizwa ya aibu, na hakuna mtu katika ofisi hii aliyenishauri tumhurumie. Nikarudi nikamwambia hivyo.

Kesho yake faili halikuwepo mezani kwangu. Amepewa kijana mgeni tunayemwita Tai. Usifikirie ndege. Ni ile ya shingoni, yake imepinda siku zote.

Kesi itatajwa tarehe 14 Aprili. Hapo Tai ataomba shtaka libadilishwe, na sababu atakayoitoa ni kwamba mlalamikaji hataki kutoa ushahidi. Sikuambii uje. Si faili langu tena. Nakuambia tu tarehe, na kwamba chumba namba mbili hufunguliwa saa tatu asubuhi kwa mtu yeyote.

Wakili


Mtaa wa Kiwandani, 1 Aprili

Kitinda mdogo wangu,

Shangazi amenipigia. Kanitukana mpaka salio likamwishia, ndipo nikapata nafasi ya kuandika.

Sikia ilivyokuwa. Nilipewa ujumbe kazini kwamba Mkuu wa mashtaka ananihitaji. Nikaenda na ovaroli. Nikamkuta yeye na wakili wa bosi wanakunywa chai kama watu wa nyumba moja. Wakanipa kiti. Mkuu akaniambia yule mama ameona kesi haisimami, na kwamba wao wanatafuta namna ya kukulinda. Akaniuliza, "Dada yako yukoje?" Nikasema amechoka. Akasema, "Unaona?" Wakili wa bosi akatikisa kichwa kwa masikitiko. Nikatoka nikiwashukuru. Niliwashukuru, Kitinda.

Usimamizi wa zamu niliupata siku chache baadaye. Nilikuwa nimeuomba tangu mwaka juzi. Sasa niambie, nilipewa kwa kazi yangu au kwa kitu kingine? Nikiwaza naona hili, nikilala naona lile. Sijui nilikubali nini mle ndani. Hakuna aliyeniuliza swali ambalo ningeweza kulijibu hapana.

Usije tarehe 14. Si kwa ajili ya kazi yangu. Yule wakili nimemwona macho yake. Anacheka nawe huku anakupima.

Kaka yako


Nyumbani kwa Shangazi, 4 Aprili

Dada Wakili,

Kaka ameandika. Amekiri lakini sijaelewa amekiri nini. Shangazi kaisoma mara mbili, akasema, "Huyu kijana kachezewa, na kidogo alipenda kuchezewa." Akaenda kupika.

Kuna jambo linanizuia kuja, na silo analoliogopa Kaka. Uliniambia nisiandike ya siku ile. Hili ni la kesho yake.

Kesho yake nilirudi. Kwenye nyumba ileile. Yeye hakuwepo. Nikamkanda yule mama goti kama kawaida, nikamsimamisha, tukapanda ngazi pamoja tukihesabu. Alinimenyea chungwa. Nikalila. Nikasema asante mama, nikaondoka, na nilipofika stendi nikayaacha mabasi matatu yapite.

Mtu gani hufanya hivyo, Dada? Afande hakuniuliza, nami sikumwambia. Wakijua nilirudi, nani ataamini ya siku iliyotangulia? Kuna saa mimi mwenyewe siamini. Najiuliza kama niliota.

Nisaidie kufikiri.

Kitinda


Ofisi ya Mashtaka, 9 Aprili

Mdogo wangu,

Utanichukia, kwa hiyo nalisema mwanzoni. Barua yako nimempa Tai, naye atawapa nakala upande wa pili. Nilikuonya kuhusu karatasi. Ningeweza kuichoma, nilikaa nayo mkononi muda mrefu, jiko la chai liko pale. Lakini nikiichoma leo kwa kuwa inakuumiza wewe, kesho Mkuu atachoma yake kwa kuwa inamuumiza mwingine, na sote tutaiita huruma.

Uliniomba nikusaidie kufikiri. Nimefanya kazi hii miaka mingi na nimewaona waliorudi kazini, waliomsalimia mtu huyo, waliompikia. Kwa nini, siwezi kukueleza. Najua tu kwamba wapo wengi, na hawakuota.

Sijui kama nimekulinda au nimekukabidhi. Nakuandikia nikiwa sijui.

Wakili


Nyumbani kwa Shangazi, 16 Aprili

Kwako,

Nilipoisoma barua yako nilikulaani kwa maneno ambayo Shangazi hakujua ninayo. Nikasema siendi popote. Asubuhi ya tarehe 14 nikaoga, nikavaa, nikajikuta kwenye benchi la chumba namba mbili. Usiniulize nilifikaje. Shangazi alikuwa kando yangu na mkoba umejaa maandazi.

Mwenye Magodoro alipita hatua chache tu kutoka kwangu. Hakunitambua, au alijifanya. Tai akasimama, na tai imepinda kweli.

"Mheshimiwa, mlalamikaji hayuko tayari kutoa ushahidi. Tunaomba kubadilisha shtaka."

Hakimu alikuwa na mafua. "Amekuambia hivyo mwenyewe?"

Tai akafungua faili, akalifunga. "Ni kwa taarifa niliyopewa, Mheshimiwa."

Miguu ikasimama, mimi nikaifuata.

"Wewe ni nani?"

"Mimi ndiye huyo asiyetaka."

Watu wakacheka. Hakimu hakucheka. "Hutaki nini?"

"Nataka. Ndicho ninachosema. Nataka."

Wakili wa Mwenye Magodoro akainuka haraka, akasema sina ruhusa ya kuzungumza. Hakimu akasema kweli, sina, niketi. Nikaketi nikijua nimeshaharibu kila kitu. Hakimu akapenga kamasi kwa utulivu, kisha akamgeukia Tai: "Sababu uliyonipa imesimama mbele yangu ikajikana. Siipokei. Shtaka linabaki lilivyo, na ushahidi wake utasikilizwa faragha."

Sikuelewa mpaka Shangazi aliponifinya paja.

Nje nilimkuta Kaka getini, na ovaroli. Alikuwa amekuja kunizuia au kunisindikiza, nadhani hata yeye hakujua. Shangazi akampa andazi.

Bado sijakusamehe vizuri. Lakini nimeona ni wewe wa kumwandikia.

Kitinda


Ofisi ya Mashtaka, dawati la barabarani, 28 Mei

Mdogo wangu,

Umeliona dawati jipya hapo juu. Nimehamishwa. Sasa nawashtaki waliopita taa nyekundu. Mkuu anasema ni kunipumzisha. Wiki iliyopita mwanangu aliugua, akaniletea dawa nyumbani yeye mwenyewe, akamshika mtoto paji la uso, akamtania mpaka akacheka. Nilisimama jikoni nikijaribu kumchukia na sikuweza, nikajichukia mimi.

Tai alinifuata mchana kantini, akaweka sahani yake mbele yangu. "Mama, nimwongozeje shahidi wa namna hii? Sijawahi." Nikamuuliza kama ametumwa. Akasema hapana, akatazama nyuma, akasema tena hapana. Nimemwambia jambo moja: la chungwa ulieleze mwenyewe, mapema, kabla ya wakili wao. Asiwaachie wao kulifungua.

Simjui kijana huyu. Inawezekana nimemfundisha mtu wa Mkuu. Lakini alikuwa anaandika nilichosema, na chakula kikapoa.

Wakili


Nyumbani kwa Shangazi, 2 Agosti

Dada,

Imekwisha, nadhani.

Ushahidi niliutoa, ule usioruhusiwa kuandikwa. Tai aliniuliza taratibu, "Na kesho yake ulifanya nini?" Nikasema nilirudi. Nikasema chungwa. Wakili wao alipoinuka alikuwa na nakala ya barua yangu, ameipigia mistari, lakini nilikuwa nimeshaitoa mwenyewe. Hata hivyo alijaribu. "Mwanamke aliyebakwa anarudi kula chungwa?"

Nikamwambia, "Nilirudi kwa sababu yule mama alikuwa hajaweza kupanda ngazi. Chungwa nilikula kwa sababu nilipewa. Mwanao hakuniomba lolote kwa adabu kama ulivyoniomba wewe."

"Mimi si baba yake," akasema. Kumbe nilisema mwanao! Nilikuwa nimechanganyikiwa, nilidhani nazungumza na yule mama. Hakimu akaandika kwa muda mrefu.

Jana ilikuwa hukumu. Ilisomwa kwa Kiswahili kile chao, pasipo na shaka yenye msingi, kwa mujibu wa kifungu, mahakama imejiridhisha hili, haikujiridhisha na lile. Nikawa nafuata nyuso badala ya maneno. Tai hakutabasamu. Wakili wao alitabasamu, lakini yeye hutabasamu daima. Watu wakainuka wakatoka. Nikabaki nimeketi. Mfanyakazi wa usafi akaingia na ufagio. Nikamuuliza, "Samahani, amefungwa au ameachiwa?"

Akasema, "Yule wa magodoro? Kapelekwa kwa mlango wa nyuma. Miaka mingi."

Nilingoja furaha ije. Nilihisi njaa.

Kwenye korido nikakutana na mama yake, na fimbo yake. Kwa mazoea nikamtazama goti kwanza, nikaona limevimba upya. "Shikamoo mama," nikasema, kabla sijafikiri. Akasema, "Marahaba mwanangu," naye kabla hajafikiri. Tukatazamana. Kisha akageuza uso ukutani mpaka nilipopita.

Kaka ameacha kazi, au ameachishwa. Akisimulia, mara hivi mara vile. Anatengeneza majenereta uani kwa Shangazi. Tunazungumza habari za majenereta.

Je, tumeshinda?

Kitinda


Ofisi ya Mashtaka, dawati la barabarani, 19 Agosti

Mdogo wangu,

Natamani ningekuandikia ndiyo na kuweka nukta. Amekata rufaa, na ametoka kwa dhamana wakati anaingoja. Yule dobi hakuwa na wa kumkatia rufaa, kwa hiyo bado yuko ndani.

La pili litakuchanganya kama lilivyonichanganya. Atakayesimama upande wetu kuitetea hukumu ni Mkuu. Nilikwenda kumwuliza kwa nini. Nilimkuta amezungukwa na vitabu, mikono ya shati imekunjwa, anafanya kazi kwelikweli. "Hukumu nzuri hii," akaniambia. "Haitatenguliwa mikononi mwangu." Nikamkumbusha kwamba ndiye aliyetaka isiwepo. Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Mimi nilitaka binti asiumie. Si aliweza?" Kisha akauliza, "Unadhani bado ana moyo nayo? Nimwulize kaka yake?"

Nimetoka pale sijui kama nimezungumza na mwongo, au na mtu mwema asiyeona mikono yake inafanya nini. Nimewaza yote mawili na yote yanamtosha.

Kwenye rufaa hutahitajika kusema. Watazungumza mawakili tu. Unaweza kukaa nyumbani.

Dada yako,
Wakili


Nyumbani kwa Shangazi, 24 Agosti

Dada yangu,

Mwambie Mkuu wenu asimwulize Kaka. Asimwulize Shangazi, wala wewe.

Tarehe ikipangwa nitakuja. Nimeelewa kwamba sitaulizwa kitu. Nitakaa benchi la mbele, na kila atakapofungua kinywa kusema mlalamikaji anataka hiki au hataki kile, itabidi kwanza anitazame.

Mdogo wako,
Kitinda